Nakala Niliyosema Nimeitoa

Nduguti, Mkalama
6 Februari 2023

Fundi Chediel,

Pokea salamu zangu. Hatujuani. Jina lako nimepewa na Mwinjilisti Naftali, anasema uliitengeneza kompyuta ya usharika baada ya wengine kushindwa. Mimi ni Yeremia Kitundu, mwalimu mstaafu. Naandika kwa sababu masikio yangu yalizimika mwaka 2016 baada ya homa kali, na simu yangu ni ndogo, macho hayaziwezi herufi zake. Kwa hiyo tuandikiane. Konda Benson wa basi la Singida atakuwa tarishi wetu. Ni mwaminifu, ila ana haraka.

Kompyuta yangu aliyokuletea, tangu Desemba inaandika kwamba nafasi imekwisha kwenye sehemu iitwayo C. Kuiwasha ni kama kumngoja mgonjwa avae viatu. Lakini kuna sehemu ya pili, D, ambayo karibu yote ni tupu. Mtu mmoja wa hapa alinishauri tufute kila kitu tuanze upya. Nilimwonyesha mlango. Mwinjilisti anasema wewe unaweza kuipunguza D na kuiongeza C bila kupoteza kilichomo. Kama ni kweli, nakuomba.

Kilichomo kwenye D ni folda moja, inaitwa RAHABU. Rahabu ni mke wangu, alifariki Juni mwaka jana. Alipoona hatapona nilimwazimia kinasa sauti cha usharika, akarekodi vipande ishirini na vitatu: nyimbo, hadithi za kwao, namna ya kutunza mbegu za mtama zisiliwe na wadudu, mambo yake mwenyewe. Mimi sikusikia hata kimoja. Niliketi mbele yake nikitazama midomo.

Kipande cha mwisho kinaitwa ELIZA, jina la binti yetu. Hicho mama yake aliniandikia kwenye karatasi: asikisikilize mtu ila Eliza mwenyewe. Siku alipokirekodi aligeukia ukutani, nikajua ni maumivu.

Vilipohamishiwa kwenye kompyuta, kinasa kilirudishwa usharika, kikafutwa. Hakuna sauti ya Rahabu pengine popote. Tafadhali, hicho cha mwisho usikifungue.

Wako,
Mwl. Yeremia Kitundu


Mandewa, Singida Mjini
10 Februari 2023

Shikamoo Mwalimu,

Kompyuta imefika salama, na pole sana kwa kuondokewa na mama.

Kazi unayoiomba inawezekana. Nikueleze ili usiwe na hofu. Diski ya kompyuta ni kama shamba moja lenye wenyewe wawili, C na D, na mpaka katikati. C amebanwa, D ana eneo la kumwaga. Tatizo ni kwamba mali ya D imekaa palepale mpakani. Kabla ya kusogeza mpaka, lazima mali hiyo ihamishwe kidogo kidogo kwenda mbele, halafu eneo linaloachwa wazi apewe C. Programu inafanya hivyo yenyewe, lakini ikikatizwa njiani unakuta kitu kimoja nusu kiko huku, nusu kule, na orodha inayoonyesha kila kitu kilipo imechanika.

Ndiyo maana kuna masharti. Kwanza unatoa nakala ya kila kitu na kuiweka kwenye diski nyingine kabisa. Kisha unaikagua diski kama ina ugonjwa. Kisha unahakikisha umeme, na betri iwe imejaa. Ukishaanza, huigusi hadi imalize, hata ichukue siku nzima.

Betri yako imekufa, nitatumia umeme wa ukutani. Usiwe na wasiwasi. Nakala nimeshaitoa, folda ya mama iko salama kwenye diski yangu.

Kijana wako,
Chediel Ntandu


Nduguti
15 Februari 2023

Fundi Chediel,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimefundisha miaka thelathini na minne, najua mtu anapoeleza jambo analolijua. Hilo la nakala kwanza limenifurahisha kuliko yote.

Sasa kwa kuwa umeshika mali yangu, acha nikwambie habari za mwenyewe. Eliza yuko Manyoni, ni fundi cherehani, ana kibanda barabarani karibu na stesheni. Kutoka hapa hadi kwake ni safari ya siku moja tu, lakini hajakanyaga nyumbani tangu mwaka 2009. Kulikuwa na jambo. Hata kwenye maziko ya mama yake hakuwepo, taarifa ilimfikia imechelewa.

Juzi nilimwandikia. Nimemwambia kuna sauti ya mama yake, na kuna kipande kimeitwa jina lake. Akitaka kukisikia aje nyumbani Pasaka. Naamini atakuja. Kwa hiyo kompyuta nitaihitaji kabla ya mwezi wa nne.

Alizeti zetu zimeota vizuri mwaka huu. Nikivuna nitakukumbuka.

Mwl. Yeremia


Mandewa
22 Februari 2023

Shikamoo Mwalimu,

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Kazi inaendelea, ila kuna kifaa kidogo nakisubiri kutoka Dodoma. Nikikipata namaliza.

Nilikuwa na swali. Una hakika kile kinasa cha usharika kilifutwa? Wakati mwingine watu hudhani wamefuta kumbe bado. Na je, hakuna mtu yeyote aliyewahi kunakili hata kipande kimoja kwenye simu yake, labda siku za msiba?

Ni swali tu la kikazi.

Chediel


Nduguti
27 Februari 2023

Fundi Chediel,

Kinasa kilifutwa, kikatumika kwa mikutano ya injili, halafu kikaibiwa. Na hakuna aliyenakili, mimi mwenyewe nilikuwa mlinzi. Sijui unaulizia nini ilhali nakala unayo wewe, ila mafundi mna njia zenu.

Usijisumbue kuharakisha. Bora kazi ichelewe itoke safi. Benson anakuletea jogoo. Ni wa kienyeji hasa, alikuwa akitawala uwanja huu, hata mbwa alimheshimu. Mpike taratibu, usimfanyie haraka. Ni ahsante yangu kwa uangalifu wako.

Mwl. Yeremia


Mandewa
8 Machi 2023

Shikamoo Mwalimu,

Narudisha kompyuta kwa mkono wa Benson. C sasa ina nafasi ya kutosha, utaona inawaka upesi. D imepungua. Folda ya RAHABU ipo, na vipande vyote ishirini na vitatu vinaonekana.

Malipo usinitumie. Jogoo alitosha.

Chediel


Nduguti
13 Machi 2023

Kijana wangu Chediel,

Nakuita hivyo kwa kuwa umenifanyia kazi ya mwana. Inawaka kabla sijavaa miwani! Nilifungua folda nikahesabu majina kwa kidole: ishirini na vitatu. Nikafungua cha kwanza, nikaona ule mstari unatembea toka kushoto kwenda kulia kama kawaida. Nikamshukuru Mungu, nikakuombea na wewe.

Kuna jambo dogo. Mimi, kwa kuwa sisikii, nilikuwa na desturi yangu. Huweka kiganja pale kwenye matundu ya spika, mama akisema mkono unatetemeka kidogo. Akiimba, zaidi. Nimekuwa nikifanya hivyo jioni tangu aondoke. Usimwambie mtu.

Sasa nimeweka mkono kwenye kipande cha kwanza, mkono ukatetemeka. Cha pili, ukatetemeka. Cha tano, kimya. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Kimya. Hata kile cha ELIZA, ambacho huwa nakigusa tu bila mtu kuwepo asikie, mstari unatembea lakini mkono hauambiwi kitu.

Labda spika zimechoka? Au ni kiganja changu? Uzee una mambo. Nijibu ukiwa na nafasi.

Mwl. Yeremia


Mandewa
17 Machi 2023

Shikamoo Mwalimu,

Inawezekana ni spika. Zikizeeka hushika sauti nyingine na kuacha nyingine. Nitatafuta mpya nizitume. Kwa sasa usifungue fungue sana hivyo vipande.

Chediel


Manyoni
21 Machi 2023

Kaka Chediel,

Hunijui. Mimi ni Eliza, binti wa Mwalimu Yeremia wa Nduguti. Baba ameniandikia habari zako kurasa mbili nzima. Mimi mwenyewe nilipata mistari minane. Hakunipa namba yako ya simu, amenipa jina la basi na la konda, basi nami nafuata njia hiyohiyo. Na kusema kweli, hili ninaloliomba ningeshindwa kulitamka kwa mdomo.

Anasema kabla hujaigusa kompyuta ulitoa nakala ya sauti za mama. Naomba unitumie hiyo nakala. Kipande kimoja tu, chenye jina langu. Mimi Nduguti siendi.

Usije ukaniona mtoto mbaya, ngoja nikueleze. Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha tatu, kwenye shule ambayo baba ndiye alikuwa mkuu wake. Nikapata mimba. Kanuni ya wakati ule unaijua. Ningeondoka kimyakimya, nilikuwa nimeshafunga sanduku. Lakini baba aliniita Jumatatu paredi, nikasimama mbele ya shule nzima, akatoa karatasi akasoma jina langu, majina yote matatu, na sababu. Akasoma kwa sauti yake ile ya kusoma matokeo. Nikatoka getini nikiwa na sare. Nilipofika nyumbani mama alinifungia kanga mbili na sufuria, hakusema hata neno moja. Nikapanda basi.

Mama alipokufa nilipata taarifa siku ya nne. Siku ya nne, kaka. Watu wa Nduguti wana simu.

Binti yangu Selina ana miaka kumi na mitatu. Ananiuliza bibi alikuwa anaongea vipi. Miaka yote nimejiuliza kama yule mama alikuwa na neno la kuniambia au hakuwa nalo. Sasa naambiwa lipo, na linauzwa kwa bei ya mimi kwenda kupiga magoti Nduguti. Wewe una nakala. Nitumie.

Eliza Yeremia


Mandewa
25 Machi 2023

Shikamoo Mwalimu,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno. Moja nakuletea wewe, nyingine inaenda kwa Eliza Manyoni. Nimefanya hivyo ili nisiwe na namna ya kusema kwako hivi na kwake vile.

Nakala haipo. Haikuwahi kuwepo.

Siku ile nilipokuandikia kwamba nimeshaitoa, nilikuwa sijaitoa. Diski yangu ya akiba ilikuwa imejaa video za harusi za watu. Nilikusudia kuipunguza jioni. Lakini nikaona kazi ya kusogeza mpaka nimeifanya mara nyingi, haijawahi kuniangusha, nikaianza mchana huohuo. Masharti yote niliyokuandikia ninayajua kwa moyo. Niliyaandika vizuri nikiwa siyafuati.

Saa tisa alasiri umeme ulikatika. Betri yako imekufa, hilo nilikwambia mwenyewe. Kompyuta ikazima ikiwa katikati ya kuhamisha.

Umeme uliporudi, D haikufunguka kabisa. Hapo ningeiacha bila kuigusa, nikampelekea mtu anayejua kuliko mimi, pengine kila kitu kingepatikana. Badala yake nilishikwa na hofu. Nikaweka programu ya kuokoa kwenye diski hiyohiyo, na kila ilichookoa nikakihifadhi humohumo, juu ya vile ambavyo vilikuwa bado vinasubiri kuokolewa. Ni kama mtu anayetafuta sindano shambani kwa kulima. Majina yote yalirudi. Nikafurahi sana, nikaanza kufungua kimoja kimoja. Kumi na vinne vina sauti ya mama. Tisa ni kimya. Urefu wake upo, mstari unatembea, ndani hakuna kitu. Cha Eliza ni kimojawapo kati ya hivyo tisa.

Sikuwa nasubiri kifaa Dodoma. Niliipeleka diski kwa fundi mmoja huko, Anselm, aliyenifundisha kazi hii. Alihangaika nayo siku mbili. Akaniuliza, "Baada ya kuzima, uliandika kitu juu yake?" Nikasema ndiyo. Akaifunga, akanirudishia, wala hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Mwalimu, nilirudisha kompyuta nikijua. Nilichagua neno "vinaonekana" kwa sababu lilikuwa kweli. Nilijua husikii. Nilijiambia mzee ataona majina atafurahi, na siku Eliza akija itaonekana ni uchakavu. Uliponiandikia habari za kiganja chako nilikaa na barua ile dukani, wateja wakaingia na kutoka. Halafu nikakuandikia ni spika. Katika yote hilo ndilo linaloninyima usingizi. Jogoo sikumchinja. Yupo uani, naona haya kumtazama.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni kosa juu ya kosa. Uliniambia nisikifungue kile cha mwisho. Nilikifungua. Ilikuwa kabla ya kuanza kazi, nilijidanganya kwamba nahakikisha kama vinacheza. Mama yangu mzazi ni Mnyiramba, kwa hiyo Kinyiramba nakielewa. Nilisikia kama dakika moja, mteja akaingia nikakizima. Nayaandika kwa Kiswahili yale niliyoyasikia, bila kuongeza:

"Eliza, mwanangu. Baba yako ameketi hapa ananitazama midomo. Ngoja nigeukie ukuta, maana haya si yake." Kitanda kikalia. Halafu akasema: "Nianze na kosa langu mimi. Siku ile nilikuwa getini. Nilileta kitambaa chako ulichosahau. Nikasikia jina lako likisomwa. Ningeweza kuingia nikakushika mkono. Nikarudi nyumbani nikawahi kabla yako, nikawasha moto, nikajifanya nilikuwepo muda wote."

Hapo ndipo mteja aliingia. Kilikuwa na dakika kumi na saba. Hizo nyingine kumi na sita hakuna mtu atakayezijua, na aliyezipoteza ni mimi.

Sina cha kurudisha. Vile kumi na vinne sasa nimevinakili kweli, mahali patatu, na kila kimoja nimekisikiliza hadi mwisho. Siombi msamaha kwa barua hii. Naona ni mapema, na ni kama kuomba jogoo wa pili.

Chediel Ntandu


Nduguti
3 Aprili 2023

Chediel,

Siku tatu za kwanza sikutaka hata jina lako. Ya nne nilichukua kalamu nikakuandikia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyaandika. Barua hiyo nimeichoma.

Sasa nakuandikia hii, kwa kuwa wewe umesema yako na mimi bado nimenyamaza na yangu.

Rahabu alikufa Juni. Sauti ile ilikuwa mikononi mwangu tangu Mei. Mwinjilisti angeweza kuituma kwa simu ikafika Manyoni kabla ya chai kupoa. Mama mwenyewe alitaka hivyo, aliandika kwenye karatasi ileile: apelekewe. Neno hilo wewe sikukuandikia. Niliikalia miezi minane. Nilisema moyoni, akiitaka aje. Niliifanya sauti ya marehemu kuwa kamba ya kumvutia mtu nyumbani. Ningeipeleka siku ile ile, kuzima kwa umeme wako kusingekuwa na cha kuharibu.

Na taarifa ya msiba haikuchelewa yenyewe. Niliichelewesha mimi. Niliogopa atakuja asimame kaburini mbele ya watu wa Nduguti, nao wakumbuke.

Nikuambie na lililo baya kuliko hayo. Niliposoma kwamba kipande cha Eliza ni kimya, kabla ya kukasirika, kabla ya kulia, moyo wangu ulitua. Nilikuwa nimeamini kwa miezi yote kwamba mama alinishtaki humo. Nilikitetemesha kiganjani kila jioni nikidhani nashika mashtaka yangu. Ikapita pumzi moja ya mtu aliyeponea chupuchupu. Kisha nikafika pale ulipoandika "haya si yake". Alikuwa anataja kosa lake mwenyewe, na mimi nikiwa nimeketi hatua mbili nikidhani anaugulia. Hata kwenye kitanda cha mke wangu nilijiweka katikati.

Kuhusu ile Jumatatu: kanuni ilitaka Eliza aondoke shuleni. Haikutaka asomwe jina mbele ya paredi. Hilo niliongeza mimi, watu wasije wakasema mkuu wa shule anambeba mwanawe. Nilijivunia wiki nzima. Walimu wenzangu walinipa mkono. Nimekaa miaka kumi na minne nikisema ni kanuni.

Sijakusamehe, Chediel, lakini sioni kiti cha kukalia ili nikuhukumu. Usinitumie spika.

Alhamisi naanza safari ya Manyoni. Nitalala Singida, ila kwako sitapita, bado siwezi. Kiswahili cha kumwambia Eliza sijakipata. Nitakitafuta njiani.

Yeremia Kitundu


Manyoni
12 Aprili 2023

Kaka Chediel,

Barua yako niliisoma nimesimama. Nikaiweka chini ya cherehani, nikashona sketi nne za shule bila kuinua kichwa. Halafu nikaitoa nikaisoma tena pale penye maneno ya mama. Nilikumbuka kwamba siku ile kweli moto ulikuwa ndiyo kwanza unashika, na mama alikuwa anahema. Nilidhani ni moshi.

Sijui nikuweke wapi. Umenipotezea dakika kumi na sita za mama yangu. Na hiyo moja niliyo nayo, ninayo kwa sababu ulifungua kitu ulichokatazwa. Nikianza kukulaani nakwama katikati. Basi nimekuacha hapo katikati, ukae.

Baba alifika Ijumaa Kuu. Mimi na Loyce, ninayeshona naye, tulimwona mzee ameketi kwenye benchi la wateja, nikamuuliza, "Mzee, unashonesha nini?" Hakujibu. Nikarudia kwa nguvu. Alipoinua uso ndipo nikamjua.

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kumi na minne. Nilifungua mdomo nikasema yote, mbele ya Loyce, mbele ya mama mmoja aliyeleta kitenge, hadi watu wa ng'ambo ya barabara wakasimama. Sijui nilipiga kelele dakika ngapi. Yeye ananitazama midomo tu. Nilipoishiwa pumzi akatoa daftari mfukoni, akaandika, akanigeuzia: "Unasema haraka. Nimepata neno moja katika kumi. Tafadhali niandikie, nataka kulipata lote."

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia kwa hasira. Nikamnyang'anya lile daftari.

Kaka, kuandika si kama kupiga kelele. Hasira inabidi isubiri herufi. Niliandika Ijumaa hadi Loyce akafunga duka. Niliandika Jumamosi kutwa. Pasaka alienda kanisani peke yake, na kulala alilala gesti, kwangu sikumkaribisha. Jumatatu nikaandika tena. Kila ukurasa nikimaliza nampa, anasoma palepale kwenye benchi, wateja wanapita juu ya miguu yake. Hakuniomba kalamu ajitetee. Hakuandika neno kanuni. Ukurasa wa paredi aliusoma, akavua miwani akaifuta, akausoma upya kuanzia juu. Nilisubiri nione raha. Sikuiona. Nilimwona mzee ambaye kola ya shati lake imechanika na hakuna mtu wa kuishona.

Jana Selina alitoka shule akamkuta. Nilikuwa sijamwambia kitu, lakini wamefanana paji la uso. Akamwamkia, "Shikamoo babu." Baba alimtazama midomo, akaitika "Marahaba" kwa sauti kubwa ile ya watu wasiojisikia, barabara nzima ikageuka. Akaona aibu, akaziba mdomo kwa kofia. Selina akacheka. Mimi nikaenda nyuma kutafuta uzi ambao sikuuhitaji.

Daftari langu lilifika kurasa thelathini na moja. Alipomaliza kulisoma aliomba aende nalo Nduguti. Nikamkatalia, nikamwandikia kwamba hilo ni langu. Akatikisa kichwa kukubali, akaondoka. Leo asubuhi amerudi na daftari jipya la dukani. Ameketi, ameanza kunijibu, ukurasa wa kwanza, akifuata langu mstari kwa mstari. Sijui anaandika nini. Hajanipa hata ukurasa mmoja, na mimi sijamwomba.

Wewe usiniandikie tena kuomba radhi. Weka vile vipande kumi na vinne kwenye flashi, mpe konda yeyote wa basi la Manyoni, aniletee. Selina anataka kusikia bibi akiimba.

Ninapomaliza barua hii ni saa tano. Basi la Singida, ambalo jana alisema lazima arudi nalo leo, limesimama hapo mbele, limepiga honi mara tatu, limeondoka. Ameinamia daftari, hakusikia. Nami sijamwambia.

Eliza